Mama Mafaili na Uso Uliovimba

Katika mji huu wa Sumbawanga wanaonifahamu ni wengi, na wengi wao wananifahamu kwa unga. Nina mashine tatu za kusaga na fuso mbili, na yote hayo niliyapata nikiwa nimeishia darasa la nne. Sikupewa na mjomba wala serikali. Maafisa wenye digrii zao wamekaa kwenye benchi langu wakinisubiri nimalize kula. Sijawahi kumwogopa mtu kwa sababu amesoma. Lakini kuna mama mmoja aliyekuwa akikaa nyuma ya dirisha la masjala pale hospitalini, amevaa koti la kiume juu ya sweta mbili, ambaye kila nikifika mbele yake nilivua kofia kabla sijaambiwa. Mji mzima tulimwita Mama Mafaili, na humu nami nitamwita hivyohivyo.

Kazi yake haikuwa kutibu. Ukitoka kwa daktari, faili lako lilirudi kwake. Alilifungua, akasoma alichoandika daktari, akavuta kitabu chake kinene alichokivalisha kipande cha kitenge kwa kuwa jalada lilishachanika, akautafuta ugonjwa wako humo, kisha akaandika pembeni mwa karatasi herufi moja na tarakimu zake. Basi. Watu waliokuwa kwenye foleni walidhani anajaza tu ukurasa. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo, mpaka siku moja nilipomuuliza kwa nini anachelewesha watu kwa ajili ya vitarakimu.

"Kijana wa mashine," akaniambia, "wewe ukichanganya dona na sembe kwenye gunia moja, mteja atajua?"

"Atajua akipika."

"Basi hapa wanapika wengine, mbali, mimi siwaoni. Wanahesabu kwa namba zangu dawa gani iletwe Rukwa. Nikichanganya, anayekosa dawa hatajua ni mimi."

Alikuwa ametokea upande wa Mbeya, akaletwa huku kikazi akiwa binti, na miaka yote hiyo hakuacha kuilalamikia baridi yetu. Ukimwambia mbona Mbeya nako kuna baridi, alijibu kwamba ya kwao inapiga ngozi, ya Ufipa inaingia ndani na kupanga chumba. Miguu yake aliiweka juu ya boksi la mafaili ya zamani ili isiguse sakafu. Chai ya tangawizi aliinywa kutoka kwenye kifuniko cha thamosi, na hakumkaribisha mtu, hata mganga mkuu. Lakini mgonjwa aliyetoka mbali, aliyekuja na basi la alfajiri kutoka vijijini, angeona kifuniko kile kinapitishwa dirishani bila neno lolote.

Kitu kilichomkera kuliko vyote ni faili lililoandikwa "uso umevimba" na kuishia hapo. Nilishuhudia mara nyingi akinyanyuka, koti na yote, akaenda nalo mpaka mlangoni kwa daktari.

"Daktari, hapa umeandika uso umevimba."

"Ndiyo mama, ulikuwa umevimba."

"Kwa nini?"

"Mama, nina foleni mpaka nje."

"Na mimi nina karatasi moja tu. Kwa nini umevimba?"

Madaktari vijana walimkimbia. Mmoja aliwahi kupita dirishani kwa daktari mwenzake ili asikutane naye kwenye korido. Manesi walicheka wiki nzima. Aliyekuwa mkweli angesema tu, "Sijui bado, mama." Na hilo ndilo jibu alilolipenda. Alisema anayesema hajui bado, ataendelea kutafuta.

Alinifundisha mambo hayo kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Uso ni mmoja, alisema, lakini kitabuni una milango mingi. Jino likiuvimbisha, unakaa kwenye herufi K. Matubwitubwi yako B. Mzio wa dawa au nyuki uko T. Figo ziko N. Na kama daktari hajajua, kuna namba kwenye herufi R, sura ya dalili tupu. "R ni benchi la kusubiria," alisema. "Mtu hakai kwenye benchi mpaka anazeeka."

Kwa hiyo namba zote aliziandika kwa kalamu ya wino, isipokuwa zile za R. Hizo aliziandika kwa penseli. Halafu kila Ijumaa mchana, wenzake wakishaanza kuaga, aliyatoa mafaili yote yenye penseli, akayapanga sakafuni, akapita moja moja. Huyu amerudi? Hajarudi? Aliporudi aliandikwa nini? Kama hakuna jipya, Jumatatu alianza kuwasumbua madaktari. Hakuna aliyemtuma. Nilimuuliza kama analipwa kwa kazi ile ya Ijumaa, akaniangalia kama nimemuuliza kama analipwa kwa kupumua.

Msidhani alikuwa malaika. Alikuwa mbishi wa mpira kupita kiasi, timu yake ikifungwa hukumsogelea. Alipenda umbea wa harusi: nani anamwoa nani, nani amekataliwa, mahari imeishia wapi. Lakini ugonjwa wa mtu haukutoka mdomoni mwake kamwe. Nusu ya siri za mji huu zilipita mikononi mwake, na ukikutana naye sokoni alikusalimia kama hakuwahi kukuona. Na mama huyohuyo, aliyeweza kukutolea faili lako la miaka saba nyuma akiwa amefumba macho, nyumbani kwake alikuwa hajui vyeti vya kuzaliwa vya wanawe viko wapi. Mwanawe mmoja alinusurika kukosa shule kwa ajili hiyo. Tena sindano aliiogopa. Akiumwa alichemsha mchaichai, akajifunika na koti, akasubiri kupona.

"Mimi si daktari," ndilo neno lake la kila siku, na baada ya kulisema aliuliza maswali ambayo daktari hakuuliza.

Sasa nifike kwenye langu.

Mwanangu Redempta alikuwa darasa la kwanza. Mwezi wa saba, baridi imekaza, alianza kuamka uso umevimba. Macho yalikuwa kama ya mtu aliyelia usiku kucha, kope zimefunga. Ikifika mchana uso unarudi. Tukasema amelala vibaya. Siku ya tatu tukasema ni jino. Kumbe maneno yalishaanza pale mashineni kwangu, mtaa wa Izia. Ndiyo kwanza nilikuwa nimefunga mashine ya tatu, na mjini kwetu mtu asiyesoma akipanda haraka, watu wanamtafutia ndagu, ule utajiri wa kwa waganga unaolipiwa kwa mwili wa mtoto wako. Niliwasikia kinamama wawili kwenye foleni ya unga.

"Mashine mpya, na mtoto anavimba."

"Ya pili ilipofungwa si ng'ombe wake alikufa?"

"Ng'ombe alikuwa kianzio."

"Shusha sauti, mwenyewe huyo hapo."

Hawakushusha sana.

Mama mkwe wangu alifika kutoka kijijini kwao Kate siku ile ile alipopata habari. Hakukaa. Alisimama mlangoni na mzigo wake begani.

"Mkwe wangu, nitakuuliza mara moja tu. Umefanya nini?"

"Mama, mtoto anaumwa jino."

"Hospitali wamesema jino?"

"Watasema."

"Wakisema, nitakaa. Wasiposema, nawachukua mwanangu na mjukuu wangu, na hutaniona nimekuja kuwarudisha."

Ndiyo maana nilitaka jino. Nilikuwa na mke na mtoto wa kupoteza, na neno moja kwenye karatasi lingewabakiza.

Nilimpeleka Redempta hospitali mara tatu. Zote tatu nilimpeleka mchana. Hapa ndipo kosa letu lilipokuwa, na ni kosa la watu wa huku juu: nani anamtoa mtoto nje asubuhi ya mwezi wa saba, upepo wa Ufipa unakata masikio? Tunasubiri jua lipande, mtoto apate uji, apashe mwili moto, ndiyo tunatoka. Tulipofika kwa daktari uso ulishashuka. Daktari aliona kitoto chenye mashavu manono, akasikiliza habari yangu, akaandika "uso kuvimba" na kutoa vidonge vya mzio.

Mara ya tatu nilisimama dirishani nikamwona Mama Mafaili akiandika R kwa penseli.

"Mama, andika jino."

"Daktari hajaandika jino."

"Mimi baba yake nasema ni jino."

"Baba Redempta, mimi siandiki ugonjwa ambao haujaonekana."

"Ukweni kwangu wanasema nimemtoa mtoto ndagu. Nahitaji neno, mama. Neno lolote lenye jina."

Alielewa, nilimwona ameelewa. Akanimiminia chai, mara ya kwanza na ya mwisho.

"Nikikupa jina la uongo leo," akasema, "hakuna mtu atakayetafuta la kweli kesho. Unaanza saa ngapi huo uvimbe?"

"Asubuhi."

"Basi mlete asubuhi, hata kabla hajanawa uso. Umfunge blanketi. Na kabla hujaondoka leo, pitia kwa daktari wa meno amwangalie, ili tuufunge mlango huo."

Akanipa faili nilibebe mwenyewe mpaka chumba cha meno. Kwenye korido nilisimama. Nilikuwa na kalamu ya wino mfukoni, na mfanyabiashara hatembei bila kalamu. Pale pembeni, kwenye safu yake ambayo yeye tu ndiye huandika, mbele ya ile penseli, nikaandika JINO. Herufi kubwa nne.

Daktari wa meno alikuwa na foleni yake. Aliona neno limeandikwa, akamfungua mtoto mdomo, akakuta jino la utoto linalocheza kidogo, akaling'oa. Faili nesi alilirudisha jioni moja kwa moja rafuni, nami niliondoka na karatasi ya dawa iliyoandikwa jino. Redempta alilia njia nzima. Mama mkwe alisoma karatasi, akaona jino, akaufungua mzigo wake sebuleni. Usiku ule nilikula vizuri. Nasema ukweli, nilikula vizuri, na asubuhi sikumpeleka mtoto popote, maana jino lilishatoka.

Siku ya nne miguu ikaanza kuvimba pia. Bado nikasema ni baridi.

Ijumaa ikafika. Mama Mafaili akapanga mafaili yake ya penseli sakafuni, akalikuta la Redempta na neno lisilo lake. Hakungoja Jumatatu. Jumamosi, jua halijatoka, mlango wetu uligongwa, na pale nje alikuwa amesimama na koti lake, pua nyekundu kwa baridi, ametembea kwa miguu kutoka kwake mpaka Izia.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Mtoto yuko wapi?"

Aliingia mpaka kitandani, akamulika kwa tochi. Uso wa mwanangu ulikuwa kama mkate ulioumuka. Akabonyeza mguu kwa kidole, shimo likabaki.

"Mimi si daktari," akasema. "Mfunge blanketi twende."

Tulimfikisha kabla daktari wa zamu hajabadilishana na mwenzake. Kwa mara ya kwanza daktari aliuona uso ule ukiwa umevimba. Akataka mkojo. Zilikuwa ni figo. Alisema tungechelewa wiki nyingine mbili tungekuwa tunazungumza habari tofauti. Redempta alilazwa, akaanzishiwa dawa, akazimeza miezi, chakula bila chumvi, akinuna kila siku. Akapona. Mama mkwe alilala sakafuni wodini kila usiku, na alipoona uso wa mjukuu unashuka kwa dawa ya hospitali, neno ndagu halikutoka tena kwake. Hakuniomba radhi. Aliniletea ulezi gunia zima kutoka Kate, nikaelewa.

Lakini pale hospitalini waliuliza: nani aliandika jino? Safu ile ni ya mtu mmoja. Mama Mafaili akaitwa. Nilikuwa wodini, nikasikia manesi wakinong'ona kwamba ameandika ugonjwa bila daktari, yeye aliyewasumbua wengine kwa jambo hilohilo miaka yote. Akapewa barua ya onyo, akaondolewa kwenye mafaili, akapelekwa stoo ya mashuka. Huko alihesabu mashuka mpaka alipostaafu. Mafaili ya Ijumaa hakuna aliyeyapanga tena sakafuni.

Na mimi, mwenye mashine tatu, nisiyemwogopa mtu, nilinyamaza. Nilijiambia mtoto apone kwanza. Akapona. Nikajiambia apate darasa la pili. Nilikuwa nikimpelekea unga wa bure, hakuwahi kuupokea, alilipa kila kilo. Tulisalimiana, akauliza habari za Redempta, nikasema anaendelea vizuri, tukaachana. Miaka imekwenda hivyo.

Mwaka jana Redempta, ambaye sasa yuko chuo cha ualimu, alinipigia simu kunieleza amesikia Mama Mafaili anauza shamba lake la Mollo, anahamia Mbeya kwa mwanawe. Asubuhi ya pili yake nilikuwa Mollo. Nilimkuta akipukuchua mahindi uani, koti lileule, ameinama zaidi. Nilivua kofia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba Redempta. Kaa hapo, pukuchua."

Nikapukuchua. Magunzi yakawa rundo kabla sijapata pa kuanzia.

"Mama, lile jino."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Ni wewe. N uliigeuza. Kwenye magunia yako yote ya dona N imegeuka vilevile, na unga wako nimekula miaka."

"Toka lini umejua?"

"Toka Ijumaa ile ile."

Nilimuuliza kwa nini hakunitaja. Aliendelea na mahindi yake, hakuinua uso.

"Ningekutaja, ungeaibika mbele ya wakwe zako, na mtoto angevushwa Kate kwa waganga akiwa katikati ya dozi. Nilimtaka kitandani pale pale."

"Na alipopona?"

"Alipopona nilikusubiri."

Upepo ulikuwa ukipeperusha maganda uani, na yeye akaacha kazi, akafuta mikono kwenye koti.

"Siondoki na ile barua ikiwa ndiyo karatasi ya juu kwenye faili langu," akasema. "Nimefunga mafaili ya mji huu vizuri. La kwangu limefungwa vibaya. Unajua kuandika, nimeuona mwandiko wako. Andika."

Akaingia ndani akachukua muda mrefu, maana kutafuta karatasi kwake ni kazi, akatoka na karatasi ya daftari na kalamu. Niliandika juu ya goti. Niliandika mimi ni nani, mashine zangu ziko wapi, mtoto aliumwa nini. Akasoma, akakata kwa kidole sehemu ya mashine.

"Hizo hazikuandika."

Nikaandika upya. Akasoma tena, polepole, akasimama kwenye mstari mmoja.

"Hapa umesema kwa bahati mbaya."

"Ndiyo, mama."

"Ulikuwa na kalamu mkononi. Futa."

Nikafuta. Mara ya tatu alisoma mpaka mwisho, akaikunja mara mbili, akanirudishia. Hakusema asante, wala sikuistahili. Alisema maharage yameiva, nikala naye ugali wa ulezi, tukazungumzia harusi ya binti wa jirani na jinsi mahari ilivyokwama, akacheka mpaka akakohoa. Wiki hiyo alihama. Sijamwona tena.

Jumatatu niliipeleka barua ofisi ya utumishi ya hospitali. Kulikuwa na dada mmoja mbele ya kompyuta, akaniamkia vizuri, akaisoma yote, kisha akaisoma tena. Aliniuliza kama nina uhakika nataka iingie kwenye kumbukumbu, kwa kuwa ikishaingia haitoki, na jina langu limo. Nikamwambia ndiyo sababu nimekuja.

"Sawa, mzee," akasema, akaweka vidole tayari. "Ya mtumishi gani?"

Nilianza kusema Mama Mafaili, nikajizuia. Kisha nikamtajia jina lake, majina yote matatu, moja moja, nikingoja aliandike kila moja ndipo niseme linalofuata.